Chupa Mbili za Kinyozi

Mimi sina subira na watu waoga. Nimelelewa na mama aliyekuwa akiua nyoka kwa mpini wa ufagio kisha akaendelea kufagia, kwa hiyo mtu mzima anayeruka kando akiona mende hunitia hasira tu. Lakini Mungu naye ana utani wake. Miaka yote niliyoshona kwenye baraza ile, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kuwajua, na kazi yake ilikuwa kushika wembe. Alikuwa kinyozi.

Watu walimwita Taratibu. Ukiingia kwake na haraka zako, una safari, una mkutano, unaambiwa, "Keti, taratibu," na ukishaketi basi ratiba yako imekwisha. Aliogopa damu. Aliogopa kumchubua mtu, aliogopa wembe uliokwisha kugusa ndevu za mwingine, aliogopa chanuo lenye mba, aliogopa hata taulo iliyoanikwa kivulini. Kila kitu alikipangusa kwa spiriti, kabla na baada, mpaka ukipita nje ya mlango wake pua inawasha. Wateja walinung'unika lakini hawakuhama, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kutoka pale na mkwaruzo. Akina mama walipita vinyozi wengine njiani wakiwaleta watoto kwake. Nilikuwa nikimwambia, "Kaka, wewe woga wako ndio mtaji."

Mbele ya maduka yetu, kati ya baraza na mtaro, palikuwa na ukanda mwembamba wa udongo. Mimi ningepanda mboga. Yeye alipanda mawaridi, mekundu na ya manjano, akayazungushia matofali yaliyolazwa kiubavu. Nilimuuliza siku ya kwanza kama mawaridi yanaliwa. Akanijibu kwamba kiti chake kinatazama mlango, na mtu aliyeketi pale na wembe uko shingoni ni afadhali awe na kitu cha kutazama.

"Mtu akitazama ua hakumbuki wembe," alisema.

"Anayekumbuka wembe ni wewe," nikamwambia. "Mteja amelala zamani."

Akacheka, kwa sababu ni kweli.

Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alitoka na kile kioo cha mkononi ambacho kinyozi humwonyesha mteja kisogo chake, akakipitisha chini ya majani. Wadudu wengi wa waridi hukaa upande wa chini, na bila kioo ungelazimika kupiga magoti mtaroni. Majani machanga yakijikunja na kunata, na sisimizi wakipanda na kushuka, alijua ni vidukari. Hapo alichukua brashi ya povu la kunyolea, ile laini, akaichovya kwenye maji ya sabuni na kuwapangusa kwenye machipukizi polepole, kana kwamba chipukizi lina kidevu. Jani likipauka na kuwa na vitone vidogo, na chini yake pana utando mwembamba, alijua ni utitiri. Huo aliumwagia maji kwa nguvu kutoka chini, na majani yaliyozidi kuharibika aliyakata, akayafunga kwenye mfuko na kuyapeleka jalalani mwenyewe. Mkasi aliupangusa kwa spiriti kutoka shina moja kwenda jingine, asije akahamisha maradhi. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani yangu na kumtania kwamba mkewe akiona anavyoyabembeleza hayo majani atadai talaka.

Kisha likaja lile jambo la majani kukatwa.

Asubuhi moja alinijia na jani mkononi, uso umemshuka. Ukingo wa jani ulikuwa umetolewa kipande cha nusu duara, laini, bila mkwaruzo wala uzi. Nililigeuza geuza. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, na najua mkato wa meno na mkato wa mkasi.

"Aliyekata hapa amefunzwa na fundi mzuri," nikamwambia. "Mlete nimwajiri."

Hakucheka. Kesho yake majani mengine yalikuwa na mikato ileile, mingine miwili miwili kwenye jani moja. Alipitisha kioo chini, juu, kwenye shina, hata kwenye udongo. Kiwavi huacha kinyesi, konokono huacha ute, panzi utamwona akiruka. Hiki hakikuacha kitu. Alikuja mapema zaidi, akakuta kimekwisha kupita. Alikaa mchana akivizia, mteja akaingia, alipotoka akakuta jani jingine limekatwa.

"Dada, hiki kinaniona," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimwambia mdudu hana muda wa kumtazama yeye. Lakini kuna mteja mpuuzi, mmoja wa wale wanaokuja kunyoa ndevu na kuacha maneno, alimwambia kwamba wadudu wa aina hiyo wakimaliza maua huhamia kwenye vichwa vya watu. Watu wote walicheka isipokuwa Taratibu. Wiki ile nilimwona akivikagua vichwa vya wateja kwa kile kioo chake, akitafuta mkato wa nusu duara kwenye masikio ya watu.

Ndipo akaenda duka la dawa za kilimo. Alirudi na kichupa kidogo chenye alama ya fuvu la kichwa, amekifunga ndani ya mifuko ya plastiki, mfuko juu ya mfuko. Nilimuuliza kinaua nini. Akasema hata yeye alimuuliza muuzaji hivyohivyo, na muuzaji akamjibu, "Vyote." Jibu hilo lilimpendeza. Mtu asiyemjua adui yake hutafuta silaha isiyochagua.

Dawa ile ilipaswa kuchanganywa na maji na kupuliziwa. Taratibu alikuwa na chupa moja ya kupulizia, ya buluu, ile ya kulowanishia nywele za wateja. Akanunua nyingine kwa mchuuzi wa vyombo. Mchuuzi alikuwa na za buluu tu. Akaja kwangu.

"Dada, naomba kitambaa chekundu. Chekundu hasa, siyo cha waridi."

Nilimkatia kipande cha bitana nyekundu kilichobaki kwenye gauni la mtu. Akakifunga kwenye shingo ya ile chupa mpya, fundo juu ya fundo. Chupa yenye kitambaa ni ya mawaridi, isiyo na kitambaa ni ya vichwa. Ile ya kitambaa aliifungia kwenye sanduku la mbao, ufunguo akautundika shingoni. Na siku ya kupulizia alivaa koti la mvua, glavu, na skafu ya mkewe puani, jua linawaka. Watoto wa mtaani walisimama kumtazama. Mimi nilicheka mpaka nikavunja sindano.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana wengine husimulia kwamba Taratibu alikuwa mzembe, na hao wakinisikia huwa hatuelewani. Mzembe angeiacha chupa na kitambaa chake. Yeye kila akimaliza kupulizia aliogopa kwamba dawa imechuruzika nje ya chupa, na kwamba mkono utakaoishika kesho utapata sumu. Kwa hiyo aliiosha kwa nje. Na kwa kuwa kitambaa nacho huenda kimelowa dawa, alikifungua, akakifua kwa sabuni, akakitundika kwenye msumari. Siku ile alipulizia asubuhi, na alikuwa pia amepangusa chupa ya vichwa kwa spiriti, kama kawaida yake. Zote mbili zikasimama dirishani zikikauka, buluu kwa buluu. Mteja akaita kutoka mlangoni, ana ndevu nyingi na haraka ya kutosha. Taratibu alipomaliza kumhudumia, kitambaa kilikuwa kimekauka. Akakifunga kwa uangalifu mkubwa, fundo juu ya fundo, kwenye chupa isiyo yake. Haya nayajua kwa sababu alinieleza mwenyewe, tena na tena, mpaka nikamwomba anyamaze.

Mchana ule binti yangu alimleta mtoto wake anyolewe, shule zinafunguliwa. Huyo ni mjukuu wangu wa pekee, na kwa jinsi anavyosema tangu anapofungua macho, tunamwita Chiriku. Taratibu aliweka ubao wake juu ya mikono ya kiti, akamkalisha Chiriku juu yake, akamfunga shuka shingoni. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikishona, mlango wazi, nikisikia kila neno. Mtoto alikuwa akimweleza habari za paka wao na mwalimu wao, Taratibu akiitikia "enhe, enhe" na kumpulizia maji, maana nywele za mtoto yule ni nzito na bila maji hazipitishi chanuo.

"Babu, maji yako yanawasha," Chiriku akasema.

"Maji hayawashi, mama. Tulia."

"Yanawasha shingoni."

"Ni nywele hizo zinazoanguka. Tulia, tunakaribia."

Akampulizia tena, kisogoni na nyuma ya masikio. Harufu? Katika chumba kile hata moshi usingesikika kwa spiriti. Alimaliza, akamwonyesha kisogo kwa kioo, Chiriku akasema amependeza, binti yangu akamchukua wakaenda nyumbani. Ni mwendo mfupi tu, mitaa michache.

Jua lilipopungua makali, Taratibu alivaa koti lake la mvua, glavu na skafu, akafungua sanduku, akatoka kupulizia mawaridi mara ya pili siku ile. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtania. Alipulizia shina la kwanza, la pili, kisha akasimama. Akatazama majani. Dawa ile ikigusa jani huacha weupe kidogo, na majani yale yalikuwa na matone safi yanayong'aa. Akavuta skafu chini. Akanusa mdomo wa chupa. Nikamwona amegeuka kutazama ndani ya duka lake, kwenye rafu ya kioo, ambako chupa ya pili ilikuwa imesimama kati ya poda na machanuo.

Alikuja mpaka kwenye cherehani yangu.

"Dada, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Chiriku." Akanionyesha chupa yenye kitambaa. "Haya ni maji. Nimempulizia ile nyingine."

Nimesikia watu wakisema damu inakauka mwilini nikadhani ni maneno tu. Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilimkamata ukosi wa koti la mvua kwa mikono yote miwili.

"Nitakuua," nikamwambia. "Nasema nitakuua."

"Ndiyo," akasema. "Lakini twende kwanza."

Tulikimbia. Mimi na unene wangu huu, viatu mkononi, yeye na koti lake la plastiki likipiga kelele kila hatua. Sikuomba dua yoyote ya maana. Nilikuwa nasema "asilale, asilale" na sijui nilimwambia nani. Watu walitupisha njia.

Tulimkuta amelala kwenye mkeka, kichwa mapajani kwa mama yake. Binti yangu alitutazama kwa mshangao. Akasema mtoto ametapika, labda amekula kitu barabarani, sasa anatokwa jasho na mate hayaishi mdomoni. Nikapiga magoti. "Chiriku," nikaita. "Chiriku, Bibi nimekuja." Mtoto asiyenyamaza alifungua macho, akanitazama, akayafunga. Hofu iliyonishika pale sijapata kushikwa nayo tena, wala siitamani. Niliogopa hata kumgusa, nisije nikamkuta wa baridi.

Taratibu ndiye aliyesema tumvue nguo. Binti yangu akauliza kwa nini. "Ana sumu ya mawaridi kichwani," Taratibu akasema. "Nimeiweka mimi. Mvue, usimguse kichwa kwa mikono mitupu." Akambeba mwenyewe mpaka kwenye bomba la uani, na glavu zake, akamwosha kichwa kwa sabuni, akiinamisha shingo ili maji yasiingie machoni wala mdomoni, akarudia nyuma ya masikio, akarudia tena. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka isipokuwa vidole. Binti yangu alikuwa analia kwa sauti. Tulimfunga mtoto kwenye khanga safi.

"Mpelekeni zahanati," akasema. "Watauliza ni dawa gani. Nakwenda kuchukua kichupa."

Akatoka mbio. Nami, Mungu ananisikia, niliutazama mgongo wa lile koti ukipotea kwenye kona nikawa na uhakika kwamba ndiyo basi, sitamwona tena. Mtu anayeogopa taulo yenye unyevu, ataweza kusimama mbele ya mama wa mtoto huyu, mbele ya polisi? Atakimbia. Ningekuwa yeye ningekimbia.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja mwenye uso wa uchovu na mikono ya haraka. Alimlaza Chiriku, akamfungua jicho kwa kidole, akamulika tochi. Mboni zilikuwa zimesinyaa mpaka zimekuwa kama tundu la sindano, na hilo ni tundu ninalolifahamu. Akasikiliza kifua.

"Amepata sumu. Ya nini? Ya panya? Ya wadudu?"

"Ya maua," nikasema.

"Jina lake?"

Sikulijua. Binti yangu hakulijua. Nesi akasema dawa hizi haziko sawa, nyingine zinatibiwa hivi na nyingine vile, na akichoma sindano isiyostahili anaweza kumdhuru zaidi. Aliniangalia mimi, kana kwamba jina hilo nimelificha kwenye bitana. Chiriku alikuwa anapumua kwa sauti ya majimaji. Nilimshika mguu. Nikatazama mlango, hapakuwa na mtu. Nikatazama tena.

Alifika akiwa hawezi kusema. Alikuwa ameshika kichupa mbele yake kwa mikono miwili, bado kimo ndani ya mifuko yake, nesi akaichana kwa meno. Akasoma, akatikisa kichwa, akakimbilia kabati. Alipokuwa akivuta dawa kwenye bomba la sindano aliuliza bila kugeuka:

"Nani aliyempaka mtoto kitu hiki?"

"Mimi," akasema Taratibu. Alisema kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile, wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia. "Mimi kinyozi. Nilimpulizia kichwani."

Baada ya sindano nesi alituambia tusubiri. Ni neno dogo hilo. Binti yangu aliketi kitandani, mimi kwenye benchi, na Taratibu mwisho kabisa wa benchi, mbali na watu, na koti lake la mvua likichuruzika sabuni sakafuni. Nesi alipita mara kwa mara kumulika macho ya mtoto, na kila alipopita mimi nilisoma uso wake nisipate kitu. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Niliogopa akisema neno na niliogopa akinyamaza. Nilikumbuka sauti ya Chiriku kupitia ukutani, "yanawasha shingoni", nikaziba masikio kwa viganja kama mwendawazimu.

Nje taa za barabarani zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka tuliposikia sauti nyembamba kutoka ndani.

"Mama, kwa nini Babu kavaa koti la mvua, na mvua hainyeshi?"

Nesi alikwenda, akamulika, akasema, "Huyu sasa anarudi." Binti yangu alicheka na kulia pamoja. Mimi nikabaki hapohapo benchini. Nilipogeuka upande wa pili wa benchi, Taratibu alikuwa ameinama, uso kwenye magoti, mabega yanaruka.

Hakufungua duka tena. Chiriku alipona, akarudi shule na kusimulia darasa zima jinsi alivyotaka kufa, kila mara akiongeza chumvi. Lakini dirisha la Taratibu lilibaki limefungwa. Baba yake mtoto alitaka kumpeleka polisi, binti yangu akamwambia, "Alileta kichupa. Angekimbia, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Yakaishia hapo. Mimi nilishona peke yangu nikiwa na hasira, na nusu ya hasira sikujua ni ya nani. Vidukari walirudi kwenye machipukizi. Hapakuwa na mtu wa kuwapangusa.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano siku moja pale nilipomwona. Nyuki, wala si mkubwa, alitua kwenye ukingo wa jani la waridi. Akazunguka na taya zake, akakata, duara safi bila kusita hata kidogo, akaruka na kipande amekikumbatia miguuni. Nikaacha uzi. Akaingia kwenye tundu la ukuta kati ya maduka yetu mawili, akatoka mikono mitupu, akarudi kwenye jani. Kata, beba, ingia. Nilimtazama mpaka shingo ikauma. Nina mteja anayefuga nyuki, nikamwuliza, akacheka.

"Huyo hali jani, fundi. Anakata nguo za kuwafungia watoto wake. Waridi halidhuriki. Mwache tu, halafu huyo ndiye anayekuchavushia maua mengine."

Nilikaa na habari hiyo nikiwa sina raha. Nikimwambia Taratibu, nitakuwa nimemwambia kwamba sumu yote ile ilikuwa ya bure. Nisipomwambia, atakaa nyumbani akiamini adui yake bado yuko nje. Nikachuma jani lenye mkato, nikaenda.

Mkewe alinifungulia, akanionyesha kwa macho tu. Taratibu alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono kati ya mapaja, amefuga ndevu, yeye kinyozi. Nilimweleza yote, nyuki, tundu, vipande. Alilishika jani, akapitisha kidole kwenye mkato.

"Kwa hiyo hapakuwa na kitu," akasema.

"Palikuwa na mama anajenga."

Alilia kimyakimya. Sikumzuia. Halafu nikamwambia Chiriku nywele zimeshaota na mwalimu anasema zipunguzwe, na kwamba mtoto anakataa kinyozi mwingine yeyote. Hilo lilikuwa kweli, na mama yake alikuwa amegombana naye siku nzima.

"Siwezi, Dada. Mkono hautakubali."

"Kesho mchana," nikasema, nikaondoka kabla hajajibu.

Alifungua. Alikuwa amesugua kila kitu, sanduku la mbao halikuwepo, na chupa ilikuwa moja, mpya, angavu, maji yanaonekana ndani. Chiriku alipanda kwenye ubao bila kusaidiwa. Binti yangu alishindwa kuingia, alisimama nje kwenye mawaridi, ametugeuzia mgongo. Mimi nilisimama kando ya kiti nimeshika mkono wa mtoto, na kama mnavyojua mimi si mwoga.

Taratibu alifunga shuka. Akachukua chupa, akaiinua juu ya kile kichwa kidogo, ikabaki hapohapo hewani. Kidole kilikuwa kwenye kibonyezo lakini hakikubonyeza. Niliyaona maji yakicheza ndani ya chupa. Nikataka kusema basi, tuache, twende nyumbani.

Chiriku alimtazama kwenye kioo.

"Babu, jipulizie wewe kwanza."

Taratibu akaigeuza chupa. Akajipulizia usoni, mara ya kwanza, ya pili, bila kufumba macho, kisha akafungua mdomo akajipulizia ulimini. Maji yakamchuruzika kwenye ndevu na kuingia ukosini. Tukasubiri, sote watatu.

"Yanawasha?"

"Hayawashi, mama."

"Sema kweli."

"Kweli hayawashi."

Chiriku akainamisha kichwa, akampa kisogo. "Bibi," akaniambia, "unaniumiza mkono." Nilitaka kumwachia. Sikuweza kumwachia mpaka Taratibu alipomaliza.